Maji ya Siku za Soko

Chumvi ilikuwa imepanda tena. Nusura alikisoma kipimo, akaiosha chupa ya sampuli, akachota mafuta mengine kwenye bomba la kutokea na kupima upya, ingawa alijua kwamba chombo hakibadilishi jibu kwa kuulizwa kwa ukali. Mafuta ghafi yaliyotoka kwenye tangi la kuoshea yalikuwa na chumvi karibu sawa na yalipoingia. Tangi lilikuwa limenguruma asubuhi nzima bila kuosha chochote.

Alitoka maabara, ambayo ilikuwa kontena la chuma lililotobolewa dirisha, akaelekea chini ya mnara. Siku hizi kila chumvi ilipopanda, miguu ilimpeleka pale bila kushauriana naye. Juu ya mnara palikuwa na bomba nene lililopinda kama kiwiko, likiuteremsha mvuke wa mafuta kwenye kipoozaji. Chumvi iliyobaki ndani ya mafuta ilisafiri kimya hadi kwenye tanuri; huko moto uliigeuza kuwa asidi, asidi ikapanda pamoja na mvuke, na ilipofika kwenye kile kiwiko, mahali mvuke unapoanza kupoa na kulowana, ikaanza kukila kile chuma kutoka ndani, ambako hakuna jicho linalofika. Mwezi uliopita Nusura alipanda ngazi na kipima unene, akakuta ukuta wa bomba umekonda. Wiki hii aliukuta umekonda zaidi. Siku ukitoboka, mvuke ule ungemwagika chini ukiwa wa moto na kutafuta cheche, na tanuri lilikuwa papo hapo, halikuhitaji kutafutwa.

Chini ya kiwiko hichohicho, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikaa Elungat, mchochea tanuri, akimenya viazi vitamu.

"Elungat, nilikuambia usile chakula hapa."

"Daktari, hapa kuna kivuli." Pale kiwandani mwenye maabara aliitwa daktari.

"Hata langoni kuna kivuli."

"Langoni kuna kivuli na bosi." Elungat alimnyooshea kiazi. "Karibu. Hiki hakina chumvi, unaweza kupima."

Nusura hakucheka. Alikuwa akilitazama bomba, na kila aliloweza kuona ni rangi ya fedha iliyopakwa juu yake mwaka jana, inayong'aa vizuri na isiyosema lolote kuhusu kilichokuwa kikiendelea ndani.

Kiwanda kilikuwa kidogo, cha majaribio, kando ya barabara inayotoka Malaba kwenda Angurai. Mwenyewe alikuwa Muzafaru, mtu aliyeanza maisha kwa kuuza mafuta ya taa kwa chupa mjini Busia na ambaye sasa alinunua mafuta ghafi kutoka ng'ambo ya mpaka, yaliyoletwa kwa malori yenye matangi ya kupashwa moto, kwa sababu yakipoa huganda kama samli. Aliyachemsha na kuyatenganisha, kisha akawauzia wenye viwanda vya sukari na wachoma vigae mafuta ya kuwasha matanuri yao. Kabla ya yote hayo, mafuta yalipaswa kuoshwa. Hutoka ardhini yakiwa na vitone vya maji ya chumvi vilivyojificha humo, vidogo mno kuzama vyenyewe. Dawa yake, tangu watu walipoanza kuisafisha bidhaa hii, ni ya ajabu kidogo: ili kuyatoa maji, kwanza unatia mengine. Unatia maji matamu, unayatikisa na mafuta mpaka yashikane, maji matamu yanaikusanya chumvi, halafu ndani ya tangi lenye joto na mabamba ya umeme vile vitone vinavutana, vinakua, vinazama, nawe unavifungulia koki ya chini vikatoke.

Jambo hilo linaeleweka katika chumba cha darasa. Malaba ni mahali pengine. Ni mji ambao nusu ya nyumba hula kwa sababu ya foleni ya malori ya mafuta, na kila mtu, hata asiye na baiskeli, ana maoni yake kuhusu maji ndani ya mafuta na kuhusu mtu aliyeyatia. Kwa hiyo kiwanda kilipoanza kuvuta maji ya kisima na kuyaingiza kwenye mafuta mchana kweupe, tena karibu na wavu wa ua, habari zilifika Angurai kabla ya maji kufika kwenye tangi. Muzafaru aliona ni busara kuelimisha umma. Aliweka langoni mtungi mkubwa wa kioo, mafuta meusi juu na maji yakiwa yametulia chini, na Nusura akasimama kando yake akieleza. Watu walisikiliza kwa makini. Kisha Apolot, muuza mahindi ya kuchemsha, akasema kwa niaba ya wote, "Asanteni. Tulikuwa tukisikia tu kwamba mnafanya, sasa mmetuonyesha mnavyofanya." Mtungi ukarudishwa stoo.

Alasiri hiyo Nusura aliingia katika ofisi ya Muzafaru.

"Bosi, tuzime tanuri tubadilishe kiwiko cha mnara."

"Chumvi tena?"

"Chumvi tena."

"Jana ilikuwa juu?"

"Jana ilikuwa chini. Na juzi."

Muzafaru alivua miwani, akaisugua kwa shati. "Kitu kinachopanda na kushuka kama homa, dada yangu, mgonjwa ni kipimo. Tangi ni lilelile, dawa ileile, umeme uleule. Wenye sukari wanangoja mzigo. Niletee sababu, nami nitazima leo leo. Ukiniletea namba tu, nitanunua namba nyingine."

Lilikuwa jibu la kuudhi hasa kwa kuwa lilikuwa na mantiki. Nusura alirudi akaanza kutafuta sababu. Alipima umeme wa mabamba, akaupata sawa. Alipima dawa ya kutenganisha, akaipata sawa. Mita ya maji ya kuoshea ilikuwa imekwama tangu masika, na mpya ilikuwa njiani, neno ambalo pale kiwandani lilimaanisha kwamba haijaagizwa. Nyumbani, katika chumba alichopanga nyuma ya stendi ya malori, alipika wali akausahau jikoni. Alizungumza na baba yake kwenye simu bila kusikia anaulizwa nini. Alijilaza, akaamka, akakaa kitandani akijaribu kukumbuka kama siku ya kwanza ya chumvi kulikuwa na mvua. Hakukuwa na mvua. Kulikuwa na kelele: mbuzi, honi za bodaboda, wanawake wakiitana kando ya wavu. Siku ya pili pia. Na ya tatu. Ilikuwa siku ya soko la Angurai kila mara, na chumvi ya ardhini, kwa kadiri alivyosoma, haifuati kalenda ya soko.

Soko lililofuata hakukaa maabara. Alisimama penye bomba la maji ya kuoshea na kuliwekea kiganja. Maji ya kisima ni baridi. Bomba hilo hutoka jasho kutwa nzima kama chupa ya soda. Mapema asubuhi lilikuwa limelowa. Makundi ya kwanza ya watu wa soko yalipoanza kupita barabarani, jasho lilianza kukauka, na baada ya muda chuma kilikuwa na joto la jua na vumbi juu yake. Nusura alilifuata bomba nyuma ya tanuri, nyuma ya stoo, mpaka kisimani kando ya wavu, kwenye vali yenye usukani mwekundu. Oundo alikuwa amekaa kando yake juu ya jiwe, kofia magotini.

Oundo alikuwa fundi wa pampu, mtu wa Rukala aliyehamia Malaba siku nyingi, mzee wa kanisa, mwenye nguo za kazi zilizopigwa pasi. Ndiye aliyekuwa wa mwisho katika orodha ya watu ambao Nusura angewashuku; wala hakuwa na orodha.

"Mzee Oundo, vali imefungwa."

"Ndiyo."

"Nani ameifunga?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Watu wanapita." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini amefunga mlango wa bafu. "Wakiisha kupita nitafungua. Huwa nafungua."

Nusura alikaa chini, kwenye nyasi. Alikuwa ameshaisikia hadithi ya Oundo vipande vipande kutoka kwa Elungat, akaidhani porojo. Zamani Oundo alikuwa utingo wa lori la mafuta. Yeye na dereva wake walikuwa wakitoa dizeli njiani na kujaza maji mahali pake. Dizeli ile ilifika kwenye kinu cha kusagia mahindi kilichokuwa mali ya kanisa, injini ikafa, na msimu mzima wanawake wa kanisa wakabeba mahindi kichwani hadi Angurai. Oundo alitoka gerezani akasimama mbele ya wanawake hao, akainua mkono na kuapa kwamba mkono ule hautatia tena maji kwenye mafuta. Walimpokea. Wakampa hata mke.

"Lakini mzee, unajua haya maji yanatoka tena."

"Najua. Koki ya chini nafungua mimi. Nimeyaonja yakitoka. Yana chumvi kushinda ile mama yangu alikuwa anapaka mbuta kule Rukala."

"Basi ni kama mbuta. Samaki wa chumvi unamloweka, maji unamwaga, samaki unapika. Hakuna anayesema umewauzia watu maji."

"Huo mfano ni mzuri, daktari." Oundo alielekeza kidevu kwenye wavu. "Nenda uwaambie."

Nusura aliukumbuka mtungi wa kioo, akaiacha njia hiyo. "Na siku nyingine? Mbona siku nyingine unafungua? Kiapo kinapumzika?"

"Siku nyingine ananiona Mungu peke yake. Mungu anajua maji yanatoka. Watu ndio hawajui, na mimi niliapa mbele ya watu."

Alitafuta ufa katika hoja hiyo, kama anavyotafuta ufa katika kila kitu, na hakuupata haraka, jambo lililomkera zaidi ya chumvi yenyewe. Mtu huyu hakuwa mjinga wa kuelimishwa. Alikuwa ameelewa kila kitu, kisha akachagua kati ya bomba na neno lake, bila kuambiwa bomba liko katika hali gani. Na hilo la mwisho, Nusura alilazimika kukubali, halikuwa kosa la Oundo. Unene wa bomba alikuwa amemwambia bosi tu.

"Mzee, kiwiko cha juu ya mnara kinaliwa. Ni chumvi ya siku hizi zako za soko."

"Siku moja moja hizi?"

"Asidi haina siku ya mapumziko ikishaingia. Ukuta umebaki mwembamba. Ukipasuka, unamwagika moto."

Oundo aliigeuza kofia magotini. Kisha akauliza, ingawa alijua, "Nani hukaa pale chini?"

Kutoka walipokuwa, kati ya stoo na tanuri, ilionekana ndoo iliyopinduliwa na mgongo wa Elungat, aliyekuwa akiimba kitu cha Kiteso huku akichambua mboga.

Oundo aliinuka. Aliushika usukani mwekundu kwa mikono yote miwili. Wakati huohuo wanawake watatu wenye vikapu walisimama upande wa pili wa wavu, na mmoja wao akaita, "Mzee Oundo, Bwana asifiwe." Mikono ikatoka kwenye usukani kana kwamba chuma kilikuwa cha moto. "Amina," akajibu. Wanawake hawakuondoka, mmoja alikuwa akifunga upya kamba ya kiatu. Jasho lilimtiririka Oundo pembeni mwa masikio.

"Fungua wewe," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nitageuka. Wewe hukuapa."

Ilikuwa kweli, hakuwa ameapa. Nusura alisimama, akaushika usukani na kuuzungusha. Vali ilikoroma, maji yakaanza kupita. Apolot, ambaye sufuria yake ya mahindi haikuwa mbali, alitazama kwa jicho la mtu ambaye kazi yake ni habari.

"Ala, na huyu si msichana wa Mujib? Mujib wa petroli, yule wa Busia?"

"Ni yeye," mwingine akasema.

"Kumbe wanafundishana nyumbani."

Nusura aliusikia mzaha huo ukihama kutoka kikapu hadi kikapu, kuelekea Angurai. Oundo alikuwa amewapa kisogo, akitazama ukuta wa stoo.

Muzafaru alisikiliza sababu yote hadi mwisho. Nusura hakuficha kitu, na alikuwa amejiandaa kumtetea Oundo, lakini hakuna aliyemshambulia. Muzafaru aliinamisha kichwa, akafikiri, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeambiwa kwamba jino linalouma si lake.

"Kwa hiyo tangi ni zima?"

"Ni zima."

"Nilidhani ni tangi. Tangi lingeniuza mimi na nyumba." Alichukua simu ili kuwaambia wenye sukari wangoje. "Zimeni tanuri. Badilisheni bomba."

"Na mzee Oundo?"

"Oundo asiguswe. Tangu nianze biashara hii natafuta mtu asiyeweza kutia maji kwenye mafuta. Nimempata, na ninamhitaji ayatie." Alifikiri tena. "Siku za soko utafungua wewe."

Tanuri lilipopoa, mafundi walikishusha kiwiko kwa mnyororo. Kwa nje kiling'aa kama siku kilipopakwa rangi. Walikikata katikati. Ndani kilikuwa kimechimbika mabonde, na upande wa nje wa kona, pale chini ya rangi, chuma kilibaki chembamba kama kifuniko cha kopo la maziwa. Elungat alikibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikatokeza upande wa pili. Alikitazama kidole chake kwa muda, akakichomoa, akaenda kuchukua ndoo yake na kuipeleka langoni, kwenye kivuli chenye bosi.

Oundo naye aliletwa kukiona. Aliingiza mkono wake wa kulia katika tundu, ule ule wa kiapo, akaupapasa ukuta wa ndani. Kisha akaomba ruhusa akaoshe mikono.

Simu ya baba yake, Mzee Mujib mwenye kituo cha petroli Busia, ilikuja kabla ya soko lililofuata.

"Nusura mwanangu, nimeulizwa jambo hapa kituoni na dereva wa lori, na jana na watu wa bodaboda. Unatia maji kwenye mafuta?"

"Ndiyo, baba."

Pampu ya petroli ilisikika ikilia nyuma yake.

"Kisha?"

"Kisha ninayatoa."

"Wateja hawangoji hiyo sehemu ya pili," Mzee Mujib alisema, na hakukuwa na hasira katika sauti yake, bali uchovu wa mtu aliyeuza kitu kilekile kwa uaminifu miaka mingi na kugundua kwamba uaminifu huo ulihifadhiwa katika midomo ya watu wengine. Aliuliza kama amekula. Nusura akasema amekula, na haikuwa kweli.

Alijaribu kutafuta njia nyingine. Vali ingeweza kuhamishwa nyuma ya stoo; Muzafaru alikubali na kusema bomba la kuongezea liko njiani. Wavu ungeweza kuzibwa kwa mabati. Elungat akauliza ni nani, katika Malaba, angeona mabati mapya na kuamini kwamba hakuna kinachofichwa. Chumvi, wakati huo, ilikuwa chini na tulivu, siku baada ya siku. Hilo lingempa usingizi mtu mwingine. Nusura aliendelea kuamka na kukaa kitandani, akikihesabia kiwiko kipya maisha yake.

Siku ya soko ilifika. Oundo alifungua vali alfajiri, kabla ya watu, kama alivyofanya siku zote. Vikapu vya kwanza vilipotokea barabarani aliifunga, akavaa kofia yake na kusimama kando, mgongo kwenye wavu. Nusura alikuja kutoka maabara akipangusa mikono. Kulikuwa na watu wengi kuliko kawaida. Walikuwa wamesikia, na safari ya Angurai haikuwa na haraka.

Akaushika usukani, na ndipo alipomwona baba yake.

Alisimama nyuma ya sufuria ya Apolot, kofia nyeupe kichwani, kanzu ya kijivu anayovaa safarini, mikono nyuma. Hakuwa ametoa taarifa kwamba angekuja. Hakuna mtu pale aliyemjua kwa sura. Jina lake tu ndilo lililokuwa likizunguka. Alikuwa akimtazama binti yake kupitia matundu ya wavu kwa uso usiosema chochote, kama anavyotazama kijiti cha kupimia kikitoka ndani ya tangi.

Vidole vya Nusura vilikuwa juu ya chuma na havikuzunguka. Alitambua, kwa uwazi asioupenda, kwamba alikuwa akingoja baba yake apite. Dakika chache tu. Mafuta hayangejua. Bomba lilikuwa jipya, nene, lingestahimili asubuhi moja, na soko jingine asubuhi nyingine. Nyuma yake alisikia Oundo akipumua.

"Ni ngumu?" Oundo akauliza, bila kugeuka.

"Ni ngumu."

"Eeh."

Ilikuwa mara ya kwanza wao wawili kukubaliana kuhusu kitu bila mfano.

"Msichana wa Mujib," Apolot akaita, "leo vipi, maji yamekwisha?" Watu wakacheka. Mzee mwenye kofia nyeupe hakucheka.

Nusura aliuzungusha usukani hadi mwisho. Vali ikakoroma. Aliweka kiganja kwenye bomba, akakiacha pale wote wakimtazama, na baada ya muda akahisi chuma kikipoa, kisha kikalowana chini ya mkono wake.

Alipoinua macho, Mzee Mujib alikuwa amenunua hindi, akalilipia, akawa analitazama bila kulila. Apolot alikuwa akimweleza kitu kwa mikono, akimwonyesha kisima, tangi, binti. Mzee Mujib alimsikiliza hadi mwisho. Kisha aliuliza swali moja, fupi kama lile la kwenye simu, ambalo halikufika ndani ya ua, na Apolot akafungua mdomo ili kujibu, akatazama ile koki ya chini ya tangi, na kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kijengwe hakuwa na jibu tayari.

Haikuwa na maana kubwa. Kesho angelipata. Nusura alirudi maabara kupima chumvi.